Chingwele, A.

Kisanduku kinataka jina la ukoo, basi.
Hakiulizi ulizaliwa mwaka wa njaa gani,
wala jina uliloliacha jandoni.
Naandika Chingwele kwa kidole kimoja.
Feni ya maktaba inazunguka kwa kusukumwa na aibu,
nje Mtwara nzima inanuka mabibo,
na kompyuta inajibu kwa adabu ya karani wa kodi:
Hakuna kilichopatikana.

Bwana Mnyambe, mkutubi, anavua miwani.
"Jina lenu limewahi kuvuka mto?"
Nani hakuvuka? Ruvuma kwetu ni kizingiti tu,
waliomkimbia Mreno walimkuta Mjerumani kakaa kwenye kiti.
"Basi litafute kwa masikio yao.
Mjerumani alisikia Ch, akaandika herufi nne.
Mreno alisikia hiyo hiyo, akaandika X,
kama mtu anayefuta."

Tschingwele.
Yupo mmoja: mpagazi, siku tatu, ujira haukuchukuliwa.
Xinguele.
Wapo saba, orodha ya kodi ya kichwa,
na mbele ya kila jina neno lile lile: katoroka.
Nacheka peke yangu hadi mwanafunzi wa meza ya pili ananitazama.
Hao hasa ndio sisi.

"Kuna droo," anasema Mnyambe, "haijaingizwa kwenye mashine.
Mende wameisoma kuliko watu."
Tunapekua kadi, Chi, Chi, Chi, kama kifaranga.
Kisha hii hapa, imepigwa taipu, wino umefifia:

*Chingwele, A. Majina ya visima na chemchemi chini ya Newala.
Daftari, kurasa 41. Penseli. 1953.*

Babu Ambrosi!
Mwalimu wa misheni, yupo ukutani sebuleni
na kalamu mbili mfukoni, moja haina mrija.
Nyumbani tulikua tukiambiwa, babu yenu aliandika kitabu,
kikaazimwa, kikapotea.
Nikampigia baba. Akanyamaza muda mrefu,
kisha nikamsikia akimwita mtu akamate kuku.

Daftari lililetwa ndani ya bahasha ya mbegu za ufuta.
Ukurasa wa kwanza: Kwa-Mjane. Maji-ya-Zamu. Kisima-cha-Wasiosalimiana.
Ukurasa wa sita:
*hapa mteremko unavunja magoti,
kiangazi tunaondoka jogoo la kwanza,
wa mwisho hukomba tope kwa kata.*
Nikasoma "tunaondoka" nikapita.
Ukurasa wa tisa ukanirudisha:
*utosi wangu una kipara, mahali pa ngata.*

Babu Ambrosi alizikwa na nywele zake zote.
Hakubeba hata kopo.
Maji aliyakuta mtungini
kama mvua iliyonyesha ndani ya nyumba.

A.
Nukta ile ndogo, miaka sabini imekaa kimya.
Agata.
Dada yake, aliyerudi kwao na sanduku moja,
ambaye kwenye picha ya harusi ni bega tu.
Bibi Agata wa karanga za kukaanga,
aliyetuita tumsomee barua, tukanong'onezana
kwamba maskini, hakupelekwa shule.
Tulikosea herufi, aliturekebisha,
wala hatukujiuliza alijuaje.
Macho tu ndiyo yalikuwa yameisha.

Jina la ukoo lilinifikisha uani.
Mlangoni nilibisha hodi kwa mtu asiyekaa pale,
nikaitikiwa na mwingine, toka jikoni.

Mnyambe ananisogezea penseli.
"Kwenye kadi haturuhusu wino.
Atakayekuja na ushahidi bora kuliko wako, afute."
Mbele ya A natia herufi nne, mkono unatetemeka,
mwandiko wangu mbaya kuliko wake.

Simu inaita. Ni baba.
Kuku ameshaiva,
majirani wamekaa chini ya picha.

Naiacha iite mara mbili zaidi.